Msusi Yuko Sebuleni

Ndala za Mama zilikuwa zimelowa.

Mambo yalianzia hapo, kwenye ndala. Mama alikuwa hajasimama kwa miguu yake tangu kiharusi kimpige, na huo ulikuwa mwaka wa pili. Alishinda kwenye kiti chake cha mikono, kwenye kona ya sebule isiyofikiwa na jua, na ndala zilikaa chini ya kiti kwa sababu tu binti yake hakuwa na moyo wa kuziondoa. Siku hiyo binti alitoka kuanika nguo uani, akarudi, akazikuta ndala kwenye mlango wa jikoni, zimeelekea nje, zinachuruzika maji. Akamtazama Mama. Mama alikuwa macho, naye akimtazama, na ule mdomo uliokwisha kupoteza maneno ulikuwa unatetemeka. Ilikuwa saa saba na nusu, mchana kweupe.

Binti akazifuta ndala kwa tambara, akazirudisha chini ya kiti. Kesho yake akazikuta palepale tena. Siku ya tatu akasikia na harufu, harufu ya nywele zilizoungua, na katika nyumba ile hakukuwa na moto uliowashwa.

Binti huyu kila mtu alimwita Msusi. Kabla Mama hajaugua alikuwa na kiti chake saluni, na wanawake walipanga foleni wakimsubiri yeye huku wenzake wamekaa wanapiga miayo. Aliyaacha yote akaja kumwogesha mama yake, kumlisha, kumgeuza ubavu. Hakuna aliyemwomba, na hakuna aliyemshukuru. Hilo linaniudhi mpaka leo, na sitajifanya kwamba halinihusu.

Wa kumshukuru alikuwepo, tena humohumo ndani. Kaka yake alikuwa msimamizi wa ghala la sabuni, na wapakizi walimwita Macho Manne. Alivaa miwani, kweli, ila jina hawakumpa kwa ajili ya miwani. Mtu yule alikagua. Alikagua mifuko ya watu wanapotoka, alikagua viatu, alihesabu maboksi yaliyokwisha kuhesabiwa na wawili kabla yake. Mkewe alivumilia miaka minne, siku alipomkuta anapekua mkoba wake kwa mara ya tatu akauchukua huohuo mkoba akaondoka nao. Haambiliki, hasemezeki. Na kwa kuwa nyumba aliachiwa yeye na marehemu baba yao, aliamini kila pumzi inayovutwa mle ndani inavutwa kwa hisani yake.

Jumapili moja Macho Manne alimsogezea Mama shuka, akaona alama kwenye mkono wa kulia juu ya kiwiko. Zilikuwa nyeusi, mbichi, za vidole vilivyobana. Hakuuliza. Alikuja jikoni na shingo imemvimba, akasema amekwisha elewa, kwamba kumbe Mama anapigwa mchana yeye akiwa kazini, na kwamba ile harufu aliyoisikia kwenye kitambaa cha Mama ni ya nywele alizounguzwa kwa chuma cha saluni. Msusi akaapa. Akamweleza habari ya ndala, kwa sauti ya chini, maana hata yeye mwenyewe aliona inavyosikika. Kaka akacheka puani.

Sasa nisikilize. Huyu ni mtu aliyehesabu maboksi kutwa nzima, miaka kumi na saba. Zile alama hakuzihesabu. Angezihesabu angekuta vidole sita.

Jumatatu akaenda kununua kamera. Muuzaji alikuwa mtu mpole, alimwekea mbili juu ya kaunta. Hii, alisema, picha zake zinahifadhiwa na kampuni, unalipa kila mwezi, na kule wana watu wanaoangalia kama kuna hitilafu. Hii nyingine haina malipo ya mwezi, picha zinakaa kwenye kadi ya kumbukumbu humo humo ndani yake, sura za watu inajifunza yenyewe, na hakuna mtu wa nje atakayeona kitu. Macho Manne hakungoja amalize. Akasema haiwezekani alipie kila mwezi kumwona mama yake mwenyewe. Akachukua tatu za bila malipo.

Na alizifunga vizuri, nisimwonee. Alizichaji usiku kucha kwanza. Akapima kila chumba kwa simu kuona waifai inafika wapi. Moja aliiweka sebuleni juu ya kabati, mgongo kwa dirisha ili mwanga usiipofushe, nyingine kwenye korido, ya tatu ikaangalia mlango wa jikoni. Alibadilisha neno la siri lililowekwa kiwandani. Kisha akazifundisha sura. Akampiga Mama picha, akaandika Mama. Akajipiga mwenyewe, akaandika Kaka. Akamsimamisha dada yake ukutani kama mwizi aliyekamatwa, akaandika Msusi. Kuanzia hapo simu ingemwambia nani yuko wapi, na ikiona sura isiyoijua ingepiga kelele.

“Mwisho wa mwezi,” alimwambia dada yake. “Nikiona kitu kimoja tu, unatoka. Mama nitamtafutia mtu wa kulipwa.”

Msusi hakulala. Hakuwa na shida na kutoka, mikono yake ingemlisha popote. Alimfikiria Mama, asiyeweza hata kusema “maji,” akiachwa na mgeni ambaye jua likipanda angekwenda zake kusinzia. Nani angekuwepo saa saba na nusu?

Kamera zilikuwa na spika, na hapo ndipo mateso yalipoanza. Macho Manne alikaa ghalani na simu kiganjani, na kutoka juu ya kabati sauti yake ikawa inamwagika sebuleni asubuhi mpaka jioni. Mwinue Mama taratibu. Hicho kijiko kimejaa mno. Unakwenda wapi? Mbona umekaa? Msusi akimsuka Mama, kitu pekee kilichomfanya yule mama afumbe macho na kutulia, sauti inamwamuru aweke chanuo chini. Naye alijibu, kwa malezi aliyolelewa, “Abee, kaka.” Mara ishirini kwa siku, “Abee, kaka,” kwa kidubwasha cha plastiki. Ningekuwa mimi ningekitupa chooni.

Siku ya nne, saa saba na nusu, simu ilipiga kelele ghalani. Mtu asiyejulikana yuko sebuleni.

Macho Manne akafungua haraka. Mama kwenye kiti, basi. Msusi alionekana kwenye kamera ya jikoni, uani, ana nguo mikononi na vibanio mdomoni. Akapiga kelele kwenye spika, nani huyo umemwingiza, mwanamume gani. Msusi akaja mbio, akasema hakuna mtu. Kesho yake saa ileile, simu tena. Kesho kutwa tena. Na kila mara ile kamera ya sebuleni, iliyojua kugeuza shingo kufuata watu, iligeuka taratibu ikifuata kitu kisichoonekana, kutoka koridoni hadi kwenye kiti cha Mama, ikasimama hapo.

Siku ya saba lori lilikuwa linashushwa, wapakizi wamechachamaa, karatasi hazipatani na mzigo, na simu ikalia. Safari hii ilikuwa imemkatia sura yenyewe, kipande kidogo cha picha, kijivu, kama paji la uso na kitambaa na sehemu iliyotakiwa kuwa na macho. Chini yake ikauliza, Huyu ni nani? Ikampa njia tatu. Mgeni. Futa. Mtu wa nyumbani.

Hasira zilikuwa zimempanda hata hakutazama mara mbili. Aliona kitambaa, akasema moyoni, ni dada yangu yuleyule mshenzi, amejifunika uso ananichezea. Akabonyeza Mtu wa nyumbani. Simu ikataka jina. Akachagua Msusi. Simu ikamuuliza, Una hakika? Akabonyeza Ndiyo kwa kidole gumba, akarudi kwenye lori lake.

Kelele zilikoma siku hiyohiyo. Ikawa sasa simu inaandika tu, kwa adabu. Msusi yuko sebuleni na Mama, saa saba na nusu, dakika arobaini. Msusi yuko sebuleni na Mama, saa saba na nusu, dakika hamsini. Na alama kwenye mkono wa Mama zikaongezeka, zikashuka hadi kifundoni. Macho Manne aliziona jioni, akazilinganisha na simu yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alikuwa na ushahidi. Video zenyewe hakuzifungua hata moja, maana alishaambiwa jina, na jina lilimtosha.

Mchana mmoja, kabla hata ya mwisho wa mwezi, aliondoka ghalani akaja nyumbani na kumkuta Msusi anamfuta Mama uso. Aliingia chumbani kwa dada yake, akakusanya nguo, akazishindilia kwenye begi, akamshika mkono akamtoa hadi getini. Hapo ndipo alipomtolea uvivu. Alimwita muuaji. Akamwekea simu mbele ya uso, akamwonyesha orodha, siku baada ya siku, dakika baada ya dakika.

“Saa hizo mimi niko uani, kaka,” Msusi alisema. “Kila siku. Tazama kamera ya jikoni.”

“Nyamaza.”

“Usimwache Mama peke yake saa hii. Nifukuze jioni, nitakwenda. Siyo saa hii.”

Simu ikalia katikati yao, ule mlio wa adabu. Wote wawili wakatazama chini.

Msusi yuko sebuleni na Mama.

Macho Manne alisoma. Akamtazama dada yake, amesimama mbele yake juani, kivuli chake kimelala mchangani miguuni pake. Akasoma tena. Akafungua picha, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya lori, na ndani ya kioo akaiona sebule yake, kabati, kiti, na nyuma ya kiti mtu mwenye kitambaa cha dada yake, gauni la dada yake, ameinama juu ya kichwa cha Mama anasuka, vidole vinakwenda mbio, vingi kuliko inavyofaa, na kila msuko ulipofika mwisho moshi mwembamba ulipanda.

Lakini mazoea ni mazoea. Akabonyeza spika. “Nani wewe?” alinong’ona.

Yule kwenye picha akainua uso. “Abee, kaka,” akajibu, kwa sauti ya Msusi, laini kabisa.

Macho Manne aliushika mlango wa geti kwa mikono miwili na hakuuachia. Alibaki hapo, mwanamume mzima, mtoa amri. Aliyekimbilia ndani ni yule aliyefukuzwa.

Msusi aliingia na hofu, lakini chini ya hofu kulikuwa na hasira ya miaka miwili, ya foleni alizoziacha saluni na shukrani ambazo hazikuja, ya kusimamishwa ukutani, ya kila “abee” aliyoitamka kwa plastiki, na hasira hiyo ndiyo iliyomvusha korido iliyonuka nywele za kuungua, ikamvusha juu ya sakafu iliyolowa nyayo za ndala, ikamfikisha sebuleni ambako Mama, asiyesimama, alikuwa amesimamishwa wima kando ya kiti na mkono wake umebanwa juu, na kwenye kiti cha Mama, kwenye kona ya ubaridi, alikuwa amekaa Msusi mwingine, amepakata chanuo, hana macho pale pa macho, ila ana subira ya mtu aliyeko kwake.

“Mwachie,” alisema.

“Kazi yangu hii,” yule alijibu. “Nimeandikwa.”

“Mimi ndiye msusi wa mama yangu.”

“Na mimi. Muulize kaka.”

Msusi hakuuliza. Alimshika Mama kiunoni, akavuta kwa nguvu zake zote, akasikia vidole vinaachia kimoja kimoja, akambeba mgongoni akatoka naye. Kile kitu hakikumfuata. Alipovuka kizingiti kilimwita tu kutoka juu ya kabati, na safari hii kwa sauti ya kaka yake, neno kwa neno: “Mwinue Mama taratibu.”

Mama alilala chumba cha nyuma cha saluni. Macho Manne alilala ghalani juu ya maboksi.

Kesho yake kabla ya adhuhuri Msusi alimleta mtaalamu, mama mmoja mfupi ambaye asubuhi hupima watu miwani na mchana hutoa majini, na kazi zote mbili huzifanya bila kubembeleza mtu. Akaingia, akazunguka, akaigusa ile kona, akaomba simu. Akasoma orodha yote, kisha akamgeukia mwenye nyumba.

Alisema jini lile lilikuwa mpita njia. Jua likiwa kali hutafuta kivuli, likaona kona, likaona mama asiyeweza kusema, likawa linamwinua alipishe likae kidogo, linavaa ndala zake kwenda kunywa maji kwenye tangi, linaondoka. Baya, ndiyo. Lakini baada ya wiki mbili tatu lingekwenda zake, kama mengi yanavyokwenda.

“Ila wewe uliulizwa ni nani,” alisema. “Ukaulizwa una hakika. Ukalikabidhi jina la dada yako na nafasi yake.”

“Si nifute tu,” alisema Macho Manne. Alikuwa ameishika simu na amekwisha kufika kwenye jina.

“Utafuta kwenye simu. Humu ndani umelikaribisha kwa uongo juu ya ndugu yako, litatoka ukiumeza uongo wako mbele yake. Likikaa hapo saa saba na nusu, useme, niliyemwandika siye, dada yangu hakufanya lolote, nilikosa. Unyamaze. Usiongeze neno.”

Wakasubiri. Mtaalamu ubavuni, Msusi mlangoni, Macho Manne katikati ya sebule, jasho linamtiririka hadi ndani ya miwani. Harufu ilitangulia. Kisha kamera juu ya kabati ikajigeuza, taratibu, kutoka koridoni, ikawapita wote watatu, ikasimama kwenye kiti, na mto wa kiti ukabonyea chini.

“Niliyemwandika siye,” Macho Manne alisema. Sauti ilikuwa ndogo. “Dada yangu hakufanya lolote.”

Mto ukaanza kuinuka. Naapa, ulikuwa unainuka.

“Nilikosa,” akasema. Alimwona Msusi mlangoni anamtazama, na hicho ndicho kilichomshinda, kutazamwa. “Lakini na yeye angenieleza vizuri toka mwanzo, haya yote yasingetokea.”

Mto ukabonyea, safari hii hadi chini kabisa, na kiti kikalia chini ya uzito.

Mtaalamu alifunga mkoba wake. Hakugombana, hakueleza. Alimshika Msusi bega wakatoka, na Msusi alirudi mara moja tu, akainama, akaziokota ndala za Mama chini ya kile kiti, akaziweka kwenye begi lake. Kaka yake akamuuliza Mama atatunzwa na nani sasa. Hata baada ya yote hayo, aliuliza swali hilo.

“Nami,” Msusi alisema. “Kama siku zote.”

Mama sasa anakaa saluni, kwenye kiti cha pili kutoka mlangoni, anatazama wanawake wakisukwa, na alama za mkononi zimekwisha kufifia. Wateja humsalimia kabla ya kukaa. Foleni imerudi.

Macho Manne amebaki kwenye nyumba yake. Alizing’oa kamera zote tatu, akatoa kadi akazivunja kwa nyundo, akatoa betri, akazipanga juu ya meza ya sebuleni zimekufa. Akajiambia yamekwisha. Siku aliyokuwa na mapumziko alikaa pale mchana, kwenye kiti cha mbali, miguu peku, anajilazimisha kusoma gazeti. Viatu vyake vya ghalani alikuwa ameviacha chumbani. Alipoinua macho aliviona kwenye mlango wa jikoni, vimeelekea nje, vinachuruzika maji.

Simu ikalia mfukoni, ule mlio wa adabu. Hakutaka kuisoma, akaisoma.

Msusi yuko sebuleni na Kaka.

Kitu kikamshika juu ya kiwiko, bila haraka, kikambana kama anayetaka kumwinua mgonjwa kitini. Taratibu, kama alivyozoea kuamuru. Macho Manne hakupiga kelele. Alitazama mkono wake, nyama inavyobonyea hapa na hapa na hapa, na kwa mara ya kwanza katika habari hii nzima, alihesabu.

Sita.